Nilisafisha Kompyuta Siku Moja Kabla ya Mazishi

Mimi ndiye yule mama aliyefanya watoto waambiwe wakae chini mbele ya kaburi la mtu wao. Nalisema mwanzo kabisa ili asiyetaka kusikia aondoke mapema, na ili mjue sitajitetea sana (kidogo nitajitetea, nyinyi ni marafiki zangu). Watu wa kwetu Matinyani waliokuwepo siku ile bado huniangalia mikono nikishika karatasi, hata ikiwa ni gazeti la kufungia nyama. Aibu yenyewe haijaniisha mpaka leo.

Ilikuwa mwaka uliofuata ile mvua kubwa ya El Nino. Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini Kitui, tena katibu wa kanisa letu, na kubwa kuliko hayo yote, nilikuwa na kompyuta nyumbani. Ndugu yangu aliileta kutoka Nairobi ofisi yao ilipobadilisha mashine, ikiwa imefungwa blanketi nyuma ya pikapu, nami nikaiweka sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, karibu na picha ya harusi. Mtaa wetu haukuwa na nyingine. Mtu akiwa na barua ya maombi ya kazi au programu ya harambee anakuja kwa Mama Mutheu, ndiye mimi, naye Mama Mutheu anakaa mbele ya mashine mgongo umenyooka kama daktari, na ukweli ni kwamba nilijua kuiwasha, kuandika, kuchapisha na kuizima, mengine yote nilikuwa najifanya.

Kisha Susu Kavata akafa. Susu kwetu ni nyanya, na huyu alikuwa susu wa kijiji kizima, lakini tumboni mwake hakuwahi kupata mtoto. Mume wake alipokufa, alifanya vile wanawake wa Kikamba wa hali yake wamefanya tangu zamani: alitoa mbuzi na ng'ombe akaoa msichana, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na waitwe kwa jina lake. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Wake aliitwa Mwikali, na Mwikali alizaa watatu, Nduku, Musembi na Kyalo, akalima lile shamba, na Susu alipolala kitandani miaka minne ya mwisho ni Mwikali aliyekuwa anamgeuza, anamwosha na kumlisha uji kwa kijiko. Hayo tuliyaona sote.

Sasa, kwenye mazishi ya kwetu historia ya marehemu husomwa mbele ya watu, na ikifika mahali pa walioachwa, kila anayetajwa husimama aonekane, kisha waliotajwa ndio hurusha mchanga wa kwanza kaburini. Ukishasimama hivyo mbele ya mchungaji na chifu, hakuna atakayekuja kesho kukuuliza unakaa hapa kwa nani. Usiposimama, utaulizwa. Na mwenye kuuliza alikuwepo, Mzee Kilonzo, shemeji yake marehemu, ambaye shamba lake linapakana na lile la Susu, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

Jumanne Mzee Kilonzo alinipa historia aliyoandika mwenyewe kwa kalamu. Ilimtaja marehemu mume, ikataja mashemeji, wapwa na watoto wa wapwa. Mwikali hakuwemo, hata kama mtu aliyechota maji. Niliipiga chapa vilevile kama nilivyopewa, nikaihifadhi kwenye mashine na kwenye disketi yangu moja ya bluu, kwa sababu karani haulizi. Jumatano kamati ikasoma, ikagombana. Alhamisi ikagombana tena. Mchungaji alisema kanisa haliwezi kuandika kwamba mwanamke ameacha mke, wazee wakasema mila haikuanza jana, na Mwikali alikaa karibu na mlango na mikono mapajani. Mwisho mama mmoja mzee akamgeukia Kilonzo.

"Kilonzo, wewe ulikula mbuzi ya hiyo ndoa. Nilikuona ukikula."

Mzee akaniambia, "Mama Mutheu, andika. Mwikali, wa nyumba ya Kavata, na watoto wake watatu. Weka majina yao yote."

Mchungaji akasema "wa nyumba ya" hakuna ubaya nalo. Nikaandika kwenye daftari, nikaenda nyumbani nikaingiza kwenye kompyuta. Mistari minne tu. Nimeandika mistari mingi maishani, lakini sijawahi kuandika minne iliyotoka kwa shida kama hiyo.

Kompyuta nayo ilikuwa mgonjwa. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeingiza disketi ya mwanakwaya mwenzangu iliyokuwa na nyimbo (disketi iliyozunguka nyumba nyingi kuliko mchinja mbuzi wa Krismasi), na tangu siku hiyo mashine ikawa nzito, ukibonyeza herufi unaweza kwenda kuangalia maharagwe jikoni ukarudi ndipo uione. Alhamisi nilipoihifadhi ile kazi kwenye disketi ya bluu, taa ya pale inapoingia disketi ikawaka na kuwaka, mashine ikaganda, nikangoja, nikachoka, nikaichomoa disketi na kuzima soketi ukutani. Nikajiambia itakuwa imeingia. Asubuhi niliwasha nikaona kazi iko kwenye mashine yenyewe, mistari yote minne ndani, kwa hivyo sikuwa na wasiwasi na chochote.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuchapisha, na hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu. Fundi mmoja wa mjini alikuwa amenipa disketi ya kusaka virusi, akaniambia nisiiguse mpaka aje Jumatatu tufanye pamoja. Mume wangu, ambaye hajui kompyuta na hajawahi kujifanya anajua, alikuwa anakunywa chai.

"Chapisha kwanza," akasema. "Kuosha utaosha baadaye."

"Baba Mutheu, mtu hapakui chakula kwenye sahani chafu," nikamjibu, na nilijisikia nimesema jambo la maana sana.

Nikafungua kifuniko nikapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, vumbi jekundu la Kitui na mende wawili waliokauka, nikafuta michezo ambayo watoto walikuwa wameweka, nikamwaga pipa la takataka la ndani ya mashine, nikawasha, na kweli ikawa nyepesi kidogo. Ningeacha hapo leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini ule wepesi kidogo ulinipa tamaa, nikaingiza disketi ya fundi. Skrini ikawa ya bluu, majina ya faili yakaanza kupita, halafu ikalia, ikaniambia kwa Kiingereza kwamba imepata virusi kwenye faili kadhaa, nyingine inaweza kuzitibu na nyingine haiwezi, na zile isizoweza, je, izifute? Nikabonyeza ndiyo. Tena nikabonyeza ndiyo kwa zote. Mimi nilidhani inafuta ugonjwa, kumbe inafuta mgonjwa.

Historia ya Susu Kavata ilikuwa imeenda. Nilitafuta kila mahali ninapojua, na ninapojua si pengi. Kisha nikakumbuka disketi ya bluu, nikaiingiza, na nikaiona historia pale na jina lake lilelile, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mume wangu akaja kutoka nje kuangalia. Nikaona ukurasa wa kwanza, kuzaliwa, kuolewa, kuokoka, yote sawa. Duka la fotokopi lilikuwa linafungwa saa saba.

"Umesoma yote?" mume wangu akauliza.

"Nimesoma mara kumi wiki hii."

Na ilikuwa kweli, nilikuwa nimesoma mara kumi. Kitu ambacho sikusoma ni ile iliyokuwa mkononi mwangu. Ile ya Alhamisi haikuwa imeingia kwenye disketi. Nilichochapisha, na kutoa fotokopi mia mbili, na kukunja moja moja na akina mama wa kanisa tukiimba, ilikuwa historia ya Jumanne. Na niwaambie ukweli ambao sikumwambia mtu siku hiyo: kuna wakati nikikunja nilitaka kufungua ukurasa wa tatu, ule wa walioachwa, mkono ukasita. Niliogopa kuona kosa halafu nianze kueleza kwamba mtu wa kompyuta ameharibu kompyuta. Nikaendelea kukunja.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Boma la Susu lilijaa, viti vya kanisa, vipaza sauti, chifu na kofia yake. Mwikali na watoto walikaa mbele kwa nguo mpya za kitenge kimoja. Mzee wa kanisa aliyekuwa anaongoza ibada akasoma historia vizuri, kwa sauti nzuri, akafika kwa walioachwa. Akasema, "Ameacha shemeji yake, Mzee Kilonzo," Kilonzo akasimama. Akasoma wapwa, wakasimama. Mwikali alijua zamu yao imefika, akawaashiria watoto, wakasimama wote wanne, wamenyooka, mdogo Kyalo ameshika kofia kifuani. Msomaji akageuza ukurasa, akasema, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Akainua macho, akawaona.

"Ambao hawakutajwa," akasema, kwa upole kabisa, "tunaomba wakae."

Sijui kama mmewahi kuona mtu mzima asiyejua akae au asikae. Mwikali alibaki vile. Nduku, mkubwa, ndiye aliyeanza kukaa, akamvuta ndugu yake, na mama yao akakaa wa mwisho. Watu mia mbili walikuwa na karatasi, na kila karatasi ilisema hivyo hivyo. Nikafungua yangu ukurasa wa tatu. Ile mistari minne haikuwemo.

Mzee Kilonzo alikuwa anatazama karatasi yake pia. Nilimwangalia aseme kitu, maana ni yeye aliyetamka Alhamisi, lakini aliikunja polepole akaitia mfukoni. Mwongozaji akawa anaita waliotajwa waje kwa mchanga, na hapo nikajua nikikaa sekunde nyingine watoto wale watakuwa wamezikwa pamoja na nyanya yao. Nikasimama nikaenda mpaka kwenye kipaza sauti, nikakishika, nikasema kuna kosa, majina ya nyumba ya marehemu yamefutwa na kompyuta, ilikuwa na virusi.

Kuna watu walicheka. Siwalaumu, ilikuwa inachekesha, mama mnene na kofia yake ya kanisa anasema kompyuta imekuwa na homa. Lakini Mwikali hakucheka. Aliongea mara ya kwanza tangu wiki ianze.

"Mama Mutheu, hiyo mashine ilijuaje majina yetu sisi wanne, ikaacha ya wengine wote?"

Jibu la kompyuta hakuna mtu pale angeliamini, na hata mimi ningekuwa yeye nisingeliamini. Nikalia. Kisha nikasema, "Haikujua kitu. Ni mimi. Nilipoteza ile ya Alhamisi, nikachukua ya zamani, sikusoma, na niliona aibu kuuliza mtu. Kamati ilikubali waandikwe. Mwikali, wa nyumba ya Kavata. Nduku. Musembi. Kyalo." Niliyataja mara mbili.

Mchungaji, Mungu ambariki, akamgeukia Kilonzo. "Mzee, Alhamisi ulisema nini?"

Kilonzo aliangalia kaburi. "Warushe mchanga," akasema. "Hayo mengine tutaongea."

Wakarusha. Hayo mengine yalikuja kuongewa baada ya miezi mitano, ofisini kwa chifu, wakati Kilonzo alipoanza kuhamisha ua wa shamba na Mwikali akaenda kushtaki. Mzee alitoa mfukoni ile karatasi ya mazishi niliyochapisha, akaiweka mezani. Chifu akaniita. Akaniambia, "Mama, karatasi mia mbili zinasema hivi, wewe mmoja unasema vile." Nikamwambia zote mia mbili ni zangu, na nikamweleza kila kitu tangu mende wawili mpaka kipaza sauti, mbele ya wazee wa ukoo na polisi wa utawala aliyekuwa anang'ata midomo asicheke. Chifu akasema niandike na kutia sahihi, na wenzangu wa kamati nao watie. Mchungaji akatia, yule mama mzee akatia kidole gumba. Ukoo ulipokaa, ua ukarudishwa pale ulipokuwa, na Mwikali analima mpaka leo.

Mimi niliapa, na kiapo hicho nimekishika: hakuna karatasi inayotoka mkononi mwangu kabla sijaisoma yote kwa sauti, na kompyuta yangu haisafishwi siku yenye kazi, na kila kazi ina nakala mbili ninazozifungua kuhakikisha ndani mna nini. Nyinyi pia chapisheni kwanza. Baba Mutheu alikuwa sawa, na hajawahi kunikumbusha, jambo ambalo linaniuma zaidi.

Lile andiko la ushahidi niliandika kwa mkono, sikutaka mashine. Mwikali alikuja nyumbani kulichukua. Nikamkaribisha chai, akasema hakai, akasimama mlangoni na kanga yake begani.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma mwanzo mpaka mwisho. Nilipofika kwa majina akaniambia nirudie, nikarudia. Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka kifuani.

"Hivyo tu," akasema, bila hasira yoyote. "Hivyo ndivyo ungesoma Ijumaa."

Nikamsindikiza mpaka langoni.