Mgulu Tumboni mwa Chatu

Harufu ya mabaki ya mkonge haijanitoka puani mpaka leo. Mwaka ule hata yenyewe ilikuwa inapungua, maana shamba letu la Kilosa lilikuwa linafungwa, maduka mapya yanafunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na kila jirani anafunga mizigo au anawaza kufunga. Nilikuwa darasa la nne, ndilo darasa langu la mwisho. Nami nilikuwa na haraka yangu: Mzee Masanja, karani wa shamba, alikuwa hajamaliza kitabu chake.

Alikiandika kwa mkono kwenye daftari, akimfanyia mzaha Mgulu, shujaa wa ukoo wetu kule milimani Mamboya. Baba alitusimulia kwamba Mgulu alimezwa na chatu aliyezuia mvua, akampasua tumbo kwa kisu, akatoka, mvua ikanyesha. Kwa Masanja, Mgulu aliogopa vyura, na alipokwisha kumezwa ndipo akakumbuka kwamba kisu amekiacha jikoni kwa mkewe. Chatu naye analalamika kiungulia. Masanja alikuwa Mnyamwezi, mtani wetu, kwa hiyo huwezi kumkasirikia waziwazi. Lakini Baba, mzee wa kanisa, alitukataza hata kuligusa lile daftari. Mimi na dada yangu Melania tuliliazima kwa siri, tukalisoma nyuma ya jiko, tumejiziba midomo kwa kanga.

Mara tukasikia Masanja anahamia Mikumi, anakwenda kufungua mgahawa kando ya barabara kuu. Siku ya kuondoka, lori alilolikodi kwa jirani yetu Athumani likiunguruma njiani, alikuja kuaga. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, nami roho juu juu: nani atamuuliza mwisho wa hadithi mbele ya Baba?

Baba akampa mkono, asiuachie.

"Mtani, umemwacha babu yetu tumboni mwa chatu. Unakwenda wapi?"

Melania akanitazama. Kumbe Baba naye alikuwa analisoma!

Masanja alicheka mpaka akakalia godoro lake lililongoja kupakiwa. "Babu ni wenu, chatu ni wenu. Mtoeni wenyewe." Akamwachia Baba daftari, kurasa za mwisho nyeupe, akapanda lori.

Siku hizi wajukuu wangu wana hadithi kwenye simu, zinakwisha kabla uji haujapoa. Mimi daftari ninalo. Baba alijaribu kuimaliza hadithi kwa miaka mingi. Kila mara alimrudishia Mgulu kisu, akasoma, hakucheka, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, lakini wiki iliyopita nilimtoa Mgulu mkono mmoja nje ya tumbo la chatu.