Shabiki wa Nyuma ya Goli

Mjomba wangu alikuwa maarufu kuliko sisi wote tuliovaa jezi. Nasema hivi sasa bila wivu, ingawa zamani ulinisumbua. Timu yetu ya Masasi ilipopanda daraja tuliambiwa kwamba sasa sisi ni wachezaji wa kulipwa, habari iliyotushangaza wenyewe, na mimi niliyekuwa kipa wa pili nikajiona nimeshafika. Lakini tukienda kucheza mikoa ya mbali, wenyeji wakalizunguka basi letu, hakuna aliyemtafuta nahodha wala mfungaji. Walikuwa wanauliza, "Yule mzee wa shati la vifungo mmekuja naye?" Akishuka, wanapanga foleni kupiga naye picha. Siku moja mshambuliaji wa timu pinzani, kijana ambaye sura yake ilikuwa kwenye mabango ya mji ule, alinikabidhi simu yake nimpige picha akiwa amemkumbatia mjomba. Alinishukuru vizuri. Alidhani mimi ni utingo.

Shati lenyewe lilitoka kwenye mitumba, sokoni Masasi. Lilikuwa jeupe lenye mistari myembamba ya bluu, vifungo kutoka shingoni mpaka chini, na kifuani maandishi ya kulalia ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Mgongoni lilikuwa na namba, na kwa mjomba namba ilitosha kuonyesha kwamba hilo ni shati la mpira. Alilivaa msimu mzima bila mtu kumuuliza, mpaka tulipokwenda kucheza mechi ya kirafiki Lukuledi, akakutana na sista mmoja mgeni aliyekuja kutembelea misheni. Sista alicheka mpaka akatoa machozi. Akamweleza kwamba hilo ni shati la besiboli, mchezo ambao mtu anarushiwa mpira, anaupiga kwa rungu, halafu anakimbia mzunguko mpaka anarudi palepale alipoanzia. Kwao wachezaji wake ni matajiri wakubwa, na mashabiki wanaojulikana ni waigizaji wa sinema na hata marais.

Mjomba alifikiri kidogo. "Wote wana rungu?"

"Hapana, mmoja mmoja kwa zamu."

"Na refa akikosea, wanamfanyaje?"

Sista akaanza kucheka upya. Tangu siku hiyo mjomba alikuwa akisimulia kila kijiwe kwamba Ulaya kuna mpira wa rungu, kwamba shabiki wake mkuu ni rais, na kwa kuwa shabiki mkuu wa Masasi ni yeye, basi yeye na rais wa huko cheo chao ni kimoja. Watu walikuwa wanamwamkia, "Shikamoo mheshimiwa," naye anaitikia marahaba bila hata kutabasamu.

Sisi tunafuata upande wa mama. Baba anaweza kuwepo au asiwepo, lakini neno la mwisho juu ya mtoto ni la mjomba. Yeye ndiye aliyenipeleka jandoni. Na nilipotaka kuacha chuo cha ualimu ili nikacheze mpira, mama yangu pale Chiungutwa alikataa kabisa, ukoo ukakutana, na wakubwa wote walikuwa upande wa mama. Mjomba alipanda bodaboda kutoka kwake Makote, kule Newala, akashuka milima yote ile kwa ajili ya kikao kimoja. Akasema, "Huyu atadaka. Asipodaka, mniulize mimi." Kwetu maneno kama hayo hayasemwi ovyo. Kuanzia siku ile kudaka kwangu hakukuwa jambo langu peke yangu.

Sasa, mimi sikudaka. Mechi ya kwanza nilikaa benchi, ya pili benchi, ya kumi benchi. Kipa wetu namba moja alikuwa mtu wa pwani, mrefu, mikono kama makasia, na afya yake haikuwa na huruma. Hakuugua hata mafua. Glavu zangu zilibaki na harufu ya dukani.

Mechi ya kwanza mjomba hakuja kwa sababu alikuwa anapuliza salfa kwenye mikorosho yake. Jioni akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umedaka?"

"Nimedaka," nikasema. Neno lilitoka lenyewe, sijui hata nililitoa wapi. Nikamsikia anawageukia watu aliokuwa nao na kuwatangazia, na nikajua sitaweza kulirudisha.

Nilitegemea aibu yangu itafichuka siku atakapokuja uwanjani. Lakini kabla ya hapo nilimtembelea Makote, wakati korosho zimeanza kudondoka. Mke wake alinitengea ndoo nzima ya maji ya tangi nioge, na anayeijua Newala na shida yake ya maji anajua hiyo ni heshima gani. Kisha nikamfuata mjomba shambani. Nilimkuta amechuchumaa chini ya mkorosho, anapapasa majani makavu kwa viganja, polepole, huku na huku. Korosho tatu zilikuwa mbele ya goti lake, zinaonekana kabisa. Mkono wake ulipita pembeni mwa korosho zile, ukarudi, ukapita tena. Nilisimama nikamtazama kwa muda mrefu. Ilinibidi nikohoe ndipo akajua kuna mtu.

"Ni vivuli tu," akaniambia, nilipomuuliza. "Daktari amesema presha ya macho, na iliyokwenda hairudi. Mke wangu anadhani ni uzee. Usimwambie mtu, mpwa wangu. Shabiki asiyeona watamcheka mpaka Songea."

Nikamwahidi. Ningependa kuandika kwamba moyo uliniuma, na kweli uliniuma, lakini baadaye. Wazo langu la kwanza pale chini ya mkorosho lilikuwa: basi hatajua kwamba sidaki. Nimeishi na wazo hilo miaka kadhaa sasa na bado linanikera.

Mavuno yalipoisha akaanza kuja kila mechi. Alikaa nyuma ya goli letu, kwenye ubao wa kukalia, hatua chache tu kutoka kwenye nyavu, na kipindi cha pili timu zikibadilishana upande naye alihamia goli la pili. Kwa kuwa haoni njia, alikuwa anamshika bega mtu aliye mbele yake. Yule wa mbele alidhani ni mbwembwe, akaanza kucheza. Wa nyuma wakashikana mabega nao. Baada ya wiki chache ikawa ndio mtindo wetu: muda wa mapumziko msururu wa watu mia, wameshikana mabega, wanazunguka uwanja wakiimba. Mashabiki wa timu nyingine waliuiga. Redio ya mkoa ilimhoji mjomba kuhusu ubunifu huo naye akajibu kwamba ulimjia tu. Mimi peke yangu, nikiwa nimekaa benchi, nilijua kwamba yule mzee anaongozwa ili asijikwae.

Kisha kulikuwa na suala la sifa zangu. Kila mpira ukiokolewa golini, mjomba alisimama akalitaja jina langu kwa sauti yote. "Mpwa wangu huyo! Damu yangu hiyo!" Yule mtu wa pwani amejirusha, amejichubua kiwiko, halafu anasikia jina la mtu aliyekaa benchi akila machungwa. Aliacha kunisemesha. Watu wengine walidhani mzee anafanya utani, na utani kwetu unapendwa, kwa hiyo wakadakia. Uwanja mzima ukawa unaimba jina langu, jina la kipa ambaye hajawahi kugusa mpira, wanacheka mpaka wanashikana. Niliinamisha kichwa nikawa nahesabu nyasi. Mwalimu wa timu aliniuliza kama nina ugomvi na mzee yule.

Na jioni simu inalia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Leo umewanyima, eeh?" "Nimewanyima, mjomba."

Mechi ya mwisho ya msimu wa pili ilichezwa kwetu. Tulihitaji sare tu ili tusishuke daraja. Dakika chache baada ya mapumziko, bado ni sifuri kwa sifuri, yule mtu wa pwani aligongana na mwenzake, kidole kikapinda upande usio wake. Mwalimu aligeuka akaniangalia. Naikumbuka sura yake: ya mtu anayetafuta mwingine zaidi ya huyu aliyepo.

Nikaingia. Nilimwona mjomba nyuma ya nyavu, ameketi katikati ya watu wanaopiga vuvuzela na madebe, shati lake limefungwa vifungo vyote. Nikawapigia kelele mabeki wangu, "Toka! Toka nje! Yangu hii!" Hapo mjomba akasimama. Hakuimba. Alibaki hivyo, kiganja kiko nyuma ya sikio, na watu wake nao wakanyamaza mmoja mmoja wakimngoja aanzishe. Hakuanzisha kitu. Kwa muda uliobaki nilidaka mbele ya ukimya ule.

Bao la kwanza lilikuwa la kichwa, na kipa yeyote angeweza kufungwa vile. La pili lilikuwa tobo. Mpira wa polepole, wa kuokota, ukapita kati ya miguu yangu nikiwa nimeshainama kuuchukua. Tukafungwa mbili bila, tukashuka daraja.

Watu walipoondoka nilimkuta bado amekaa palepale, amejiegemeza kwenye fimbo. Nikasema kitu kuhusu jua, kwamba lilikuwa machoni.

"Leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia," akasema.

Sikumwelewa.

"Kipa anaongea, mpwa wangu. Dakika tisini anaongea. Anawaita mabeki, anawatukana. Mimi nimekaa hapa nyuma misimu miwili namsikiliza mtu wa pwani. Sauti yako naijua tangu unalilia uji."

Nilikaa chini kwenye mchanga.  Nilimuuliza kwa nini basi aliliimba jina langu wakati wote huo.

"Ulitaka niamini. Nikaamini kwa sauti kubwa." Akanitafuta bega, akalipata mara ya pili. "Wewe si ulinitunzia siri yangu? Haya, inuka unipeleke stendi."

Nilimpeleka. Tulitembea mkono wake ukiwa begani kwangu, na watu barabarani, pamoja na machungu ya kushuka daraja, walitupungia wakidhani tunacheza ule mtindo.

Alifariki kiangazi kilichofuata, kwa homa ya siku chache tu. Timu ilikuwa imeshavunjika, nami nilikuwa nyumbani Chiungutwa nalima korosho za mama, ambaye hakuwahi kunikumbusha kile kikao. Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikutana Makote. Kwetu jina la marehemu haliachwi chini, lazima mpwa mmoja alibebe pamoja na nafasi yake. Wakanichagua mimi. Nilitegemea kanzu, au ile fimbo. Mke wa mjomba alitoka ndani na lile shati, limefuliwa na kupigwa pasi, akanivalisha mbele ya watu wote. Marehemu alikuwa mnene kidogo kuliko mimi, lakini mabega yalinibana.

Tulipokaa kula mke wa mjomba akasogea karibu yangu.

"Nakumbuka siku uliyodaka," akaniambia. "Mzee alirudi hapa anacheka peke yake. Hata shikamoo za watoto hakuitikia. Ananiambia, 'Mama, leo amedaka. Nimemsikia kwa masikio yangu.' Basi nikachinja jogoo, yule mkubwa. Tukawaita na majirani. Alikula, akaimba ule wimbo wenu, majirani wakashikana mabega hapo uani." Akanimiminia maji ya kunawa. "Mliwafunga ngapi siku ile?"

Ningeweza kusema tatu. Kwa misimu miwili nilikuwa nimezoea kusema, na mama wa watu hakuwa na njia ya kujua. Lakini shati lilikuwa mwilini, na watu walikuwa wameshaanza kuniita kwa jina lake.

"Tulifungwa, mama. Mbili bila. Zote nilifungwa mimi, na ndizo zilizotushusha daraja."

Akaacha kumimina. Aliniangalia, akaliangalia shati, akarudi kuniangalia mimi.

"Sasa," akauliza, "yule jogoo alikuwa wa nini?"

Nilitaka kumjibu. Nilifungua mdomo, mikono yangu bado imelowa juu ya beseni, na badala ya jibu nikaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.