Vitabu Tulivyovinyoa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kisu. Nilikuwa nimetoka Tanga nikiamini nakwenda Dubai kuuza vitabu, na nimewatambia majirani hivyo. Msimamizi wa Ghala akanionyesha meza, akachukua kitabu kipya, akakikata jalada kwa mkupuo mmoja na kulitupa bokseni. "Kazi yako hii," akasema. "Yalla."

Ninyi wa leo mnasoma kwenye simu, kwa hiyo nieleze. Kitabu kisichouzika ni taabu kukisafirisha kurudi kilikotoka. Basi duka hukata jalada na kulirudisha hilo tu, liwe ushahidi kwamba kitabu kimeharibiwa. Mwili wa kitabu huenda kusagwa. Sisi Waswahili wa ghalani kazi hiyo tuliiita kunyoa. Ukinyoa vizuri, gundi ya mgongoni hubaki nzima na kurasa hazimwagiki.

Vingi tulivinyoa kwa sababu havikupata mnunuzi. Vingine havikufika hata rafuni. Ofisini alikuwako mtu wa kupitia mizigo, na kila alipokuta hadithi ya wanaume wanaopendana, au wanawake wanaopendana, au mtu aliyelelewa kama binti ilhali ni mwanamume, aliweka alama nyekundu kwenye boksi. Boksi hilo lilikuja mezani kwangu moja kwa moja.

Baadaye nilihamishiwa dukani, ndani ya moli, chini ya Meneja wa Duka, ambaye sote tulimwita Sir. Mbele ya wateja alipenda kusema kwamba kitabu ni dirisha. Alipopandishwa cheo na kupewa ghala pia, akanirudisha kwenye kisu, eti mkono wangu ni mwepesi. Siku moja akapita, akaona rundo tulilonyoa, akacheka. "Chukueni makaratasi haya mkafungie maandazi yenu," akasema. Tulisikia wengi, na mmoja wetu alikuwa Mutua.

Mutua alikuwa mlinzi wa mlangoni, Mkamba wa Machakos. Pasipoti yake ilikuwa na jina la kike, nami silitaji hapa kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka litajwe. Kwa ajili ya pasipoti hiyo alilazwa nasi katika jengo la wanawake, kwenye kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah. Alikuwa na adabu hata akawa anabisha hodi chumbani kwake mwenyewe. Sisi wa chumba kile ndio tu tuliomwita Mutua, naye mimi aliniita mathe, yaani mama. Mlangoni pa ghala aliitwa kwa jina la beji, naye aliitika kama mtu anayemeza kwinini.

Alichukua kitabu kimoja katika rundo lile. Siku za mapumziko, sisi tukipika, yeye alikaa kitandani akasoma Kiingereza na kututafsiria kwa Kiswahili papo hapo. Ilikuwa hadithi ya mtoto wa nchi ya baridi, aliyelelewa kama msichana, akakua na kumwomba baba yake amwite kwa jina la kiume. Baba akagoma sura baada ya sura, nasi tukamtukana huyo mzee mpaka sufuria zikaungua.

"Mathe, hii stori ni yangu," Mutua aliniambia. "Mtu ameniandika na hata hanijui."

Salma, mfagiaji aliyetoka Tanga kama mimi, aliacha kumenya vitunguu. "Kaka yangu alifukuzwa nyumbani kwa jambo hili hili," akasema. "Nilimwona mkaidi tu. Kumbe alikuwa anaomba aitwe."

Siku baba yule alipolitamka jina, chumba kizima kilipiga vigelegele. Nikasema kwetu mtoto hapewi jina kimya kimya, lazima watu wale washibe. Mapumziko yaliyofuata tukapika pilau, tukanunua halua, Mutua akavaa shati jeupe, nami nikatia udi kwenye chetezo nikamzungushia. Nikauliza, "Anaitwa nani huyu?" Wote wakajibu, "Mutua!" Alilia mbele yetu bila kujificha, na mimi nililia naye kwa furaha.

Nyumbani udi haujawahi kupigiwa king'ora. Kambini kuna vidude vya kunusa moshi darini, na hakuna aliyevikumbuka. Jengo zima likatoka nje. Msimamizi wa kambi akaja na walinzi, akakuta chetezo, pilau, na juu ya kitanda kitabu kisicho na jalada. Akakipeleka kwa Sir.

Kitabu kilichonyolewa kimeshahesabiwa kuwa hakipo. Ukikutwa nacho, ni wizi. Sir alisema hivyo huku amekishika, wala hakukifungua. Laiti wangemfukuza Mutua kwa sababu wameisoma hadithi wakaichukia, angalau ningejua kimesomwa.

Nilisimama pale pale ofisini. "Sir, wewe mwenyewe ulituambia tuchukue."

"Sikumbuki," akasema. "Mama, una miaka mingi hapa. Usijiharibie. Khalas."

Ulimi hauna mfupa. Mutua alifutiwa viza akarudishwa kwao, na kitabu kikaenda kusagwa. Alipokuwa anafunga sanduku aliniambia, "Mathe, ukinitafuta, ulizia Mutua. Ukiniulizia kwa lile lingine, siji."

Nilipostaafu, Sir alinikatia keki, akasema tena kitabu ni dirisha, akanipa kimoja chenye jalada la dhahabu. Kipo kabatini na nailoni yake. Nina uchungu na mtu yule, na sioni aibu kuusema. Udi sijutii. Vitabu nilivyonyoa havina idadi, na kimoja tu ndicho nilichokiona kikimfanyia mtu kazi.

Mwanzoni nilipompigia kwao, Mutua alipokea simu mwenyewe. Siku hizi anapokea mama yake. Juzi nilipiga, nikamwulizia Mutua.

"Hapa hakuna Mutua," mama akasema. "Yupo binti yangu tu. Nikuitie?"

Nyuma yake nilisikia mtu anakohoa, na kikohozi kile nilikifahamu. Neno moja tu, nami ningeisikia sauti yake.

"Hapana, mama," nikasema. "Namtaka Mutua."

Akakata. Leo asubuhi nimepiga tena, nikaulizia vile vile.