Matundu Manne ya Boti ya Ndaki

Pale Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, fundi wa boti Sixte haharakishwi na mteja. Ndaki, mfugaji aliyeuza ng'ombe akanunua boti ya mbao, alimjia asubuhi na kopo la nta ya nyuki.

"Mzee Sixte, chuma cha kushikia injini kina matundu manne tu. Ziba na hii, kaza bolti, niondoke."

"Hiyo kazibie mizinga!" Sixte akafoka. "Jua likiwaka itayeyuka. Maji yataingia ndani ya mbao, ziozee humohumo bila wewe kujua."

Akafanya kazi kama alivyozoea. Alitoboa kwenye ubao wa nyuma wa boti matundu manne, mapana kuliko bolti, akayajaza gundi ngumu ya kuchanganya, akaenda zake nyumbani. Kesho yake akatoboa tena, katikati ya ile gundi iliyokauka, ili bolti zisiguse mbao kabisa. Akapaka silikoni ya kuzuia maji, akakaza.

Wakaishusha boti majini, wakaenda nayo mbali kidogo. Sixte akazima injini, akainama, akapitisha kidole nyuma ya kila bolti. Pakavu.

Ndaki akacheka. "Mzee, una woga wewe! Hata ikivuja, si unaogelea tu?"

"Sijui kuogelea," Sixte akasema. "Nimekulia Mishamo, mbali na ziwa, kwenye mahindi. Wewe je?"

Ndaki, aliyekulia nyuma ya ng'ombe, akautazama ufukwe ulivyo mbali. Kisha akainama, akazipapasa mwenyewe zile bolti, moja baada ya nyingine.