Kioo Nilichokigeuza kwa Heshima

Kosa ni langu peke yangu, kwa hiyo acheni nilisimulie mwenyewe kabla wengine hawajalitia chumvi.

Tangu nimwoe binti yake, mama mkwe amekuwa akiuliza watu, "Nyumba ya huyu iko wapi?" Alipokuja Brussels kututembelea, niliona wakati wa kumjibu umefika. Nilifunga karavani ndogo ya zamani, kijumba cha magurudumu mawili, nyuma ya gari langu la kale. Kulabu niliikaza harakaharaka. Mama mkwe nikamkalisha kiti cha nyuma, tukaelekea kanisani Etterbeek, watu wakaione.

Kwetu Katanga mkwe hatazamwi usoni, wala hasemeshwi ovyo. Lakini kila nikitazama kioo cha kuonea nyuma, macho yetu yaligongana. Gari la umri ule lina kioo hicho kimoja tu. Nikakigeuza kikaelekea dari.

Tulisimama kwenye taa za barabarani za Chaussée d'Ixelles, feu rouge kama tunavyoziita. Ilipowaka ya kijani, gari liliruka kama mbuzi. Nikaisifu injini. Nyuma watu walipiga honi na kupunga mikono, nami nikawapungia kama bwana harusi. Mama mkwe akakohoa. Akakohoa tena. Nikafunga dirisha asipate mafua.

Nje ya kanisa, kina mama wa kwaya walikuwa wakitusubiri na mke wangu. Nilishuka, nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Bon, ba maman, muone nyumba yangu!"

Ndipo mama mkwe akanisemesha kwa mara ya kwanza maishani.

"Mukwe, nyumba yako ilibakia ku feu rouge."