Kalasha kwa Herufi L

Kwetu ni Ngokolo, na nyumbani tulisema Kisukuma. Shule niliiacha darasa la sita. Mengine nilijifunza nikihamahama: bodaboda kule Bulyanhulu, kutengeneza simu Ushirombo, kompyuta kwa kuulizauliza. Basi mradi wa kupima vifua vya wachimbaji uliponiita mjini niunganishe programu yao ya takwimu na hifadhidata, nilivaa shati la mikono mirefu.

Nilijaza anwani ya seva, namba ya poti, jina la mtumiaji. Lilibaki neno la siri. Aliyeliweka alikuwa mama mmoja wa makamo aliyeingiza majibu ya vipimo kule Mwakitolyo. Nikampigia.

"Shikamoo mama. Neno la siri ni lipi?"

"Marahaba. Andika kalasha, baba. Herufi ndogo zote."

"Karasha, mashine ya kusaga mawe?"

"Hiyo hiyo, kalasha. Au huijui, mtu wa mjini?" Akacheka.

Nikaandika kwa R, kama waandikavyo waliosoma. Ikakataa. Nikarudia mara nne. Mratibu wa mradi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Fundi, inasoma au haisomi?"

"Neno alilonipa silo. Labda amelibadilisha. Labda hajui anachofanya."

Mratibu akatoka kwenye korido. Nikamsikia akimwambia yule mama kwenye simu arudishe kompyuta kesho, kazi yake imeishia hapo.

Nilibaki nikiitazama ile R, herufi ambayo Kisukuma chetu hakina. Nikaifuta, nikaweka L. Skrini ikajaa safu: umri, kikohozi, miaka kwenye vumbi. Kazi yake yote, safi, bila pengo.

"Umefanyaje?" mratibu akauliza aliporudi.

"Nimerekebisha mipangilio."

Akanipiga bega. Sentensi moja ingemrudishia yule mama kazi. Niliisubiri itoke, kama vile ilikuwa ya mtu mwingine.

Kesho yake yule mama alikuja, kompyuta ameifunga kwenye khanga isiingie vumbi. Mratibu alikuwa mezani akimwandikia hati ya kupokea.

"Ilikubali mwishowe?" mama akaniuliza.

"Ilikubali, mama."

"Kwa neno lile nililokupa?"

Kalamu ya mratibu ikasimama.

"Hapana," nikasema. "Lilikuwa jingine."

Mama akafikiri kidogo. Akasema basi atakuwa amesahau, siku hizi kichwa chake hakishiki mambo, akaniomba radhi kwa usumbufu.