Kovu Kwenye Sura ya Nyanya

Kwaru, kwaru, kwaru. Hiyo ndiyo sauti ya tupa ikila jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea, na hata leo nikiisikia popote shingo yangu hukakamaa yenyewe. Likizo moja ya Agosti, nikiwa darasa la nne, nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya baba mdogo Ombati, upande wa Mosocho, nimekatazwa kugeuka, vumbi jeupe likinitua kwenye kope kama unga. Yeye alizoea kuchonga viboko na twiga wa kuuzia wageni. Mara hii alikuwa anachonga sura ya nyanya, mama yake, ijitokeze juu ya bamba la jiwe, iwekwe kaburini Jumapili ukoo mzima ukikusanyika. Nyanya alifariki kabla sijazaliwa na hakuacha picha hata moja. Lakini nilipewa jina lake, Kemunto, na kila mtu alisema nimechukua na uso wake. Basi baba mdogo alinitazama mimi, akaongeza mikunjo na kitambaa cha kichwa.

"Usicheke, Kemunto," alinionya. "Ukicheka nitakuchonga na meno yote, na mama hakuwa nayo."

Nilibana midomo mpaka machozi yakanitoka. Jamani, nilivyojiona! Nilikuwa nimeshaota watu wakija kutoka mbali kuniangalia. Kumbe mama yangu hakuwa ameambiwa.

Alhamisi alipitia pale akitoka kuchuma chai, kikapu bado mgongoni. Hakusalimu mtu. Kidole chake kilipanda taratibu kwenye shavu la jiwe, kikafika kwenye nyusi ya kushoto, kikakwama. Baba mdogo alikuwa amechonga mpaka lile kovu langu, nililopata nilipogonga ukingo wa mlango.

"Ombati, huyu si mama yako," alisema polepole. "Huyu ni mtoto wangu."

"Shemeji, ni jiwe tu."

"Jiwe la kaburi! Mtoto mmoja nimeshazika. Unataka kunipangia wa pili?"

"Lakini sisi ni watu wa kanisa, shemeji, mambo hayo..."

"Kanisani nitaenda nikishalivunja."

Nyundo ilikuwa tayari mkononi mwa mama. Baba mdogo akalilalia jiwe kwa kifua, akisihi angalau baba yangu, aliyekuwa mbali kikazi, aulizwe kwanza. Mimi niliganda, sijui nimlilie nani, mama au jiwe. Mwishowe mama akaitupa nyundo kwenye nyasi. "Nikirudi nikute uso huo huo, mtaokota vipande." Wakapanda kilimani wote wawili wakibishana, kutafuta mtandao wampigie baba.

Siku hizi nikijipiga picha, simu hunifutia kovu hilo bila kuombwa, nami hulirudisha, kwa sababu ni langu. Jiwe nalo liko kaburini, na tukienda mama ndiye hulipangusa, akiliamkia kama mama mkwe wake. Lakini alasiri ile hakukuwa na wa kunifutia. Nilikuwa nimeona kidole cha mama kilipokwama. Nikachovya kipande cha msasa kwenye beseni la maji. Sura ya namna ile huinuka juu ya bamba kidogo tu. Ukizidisha, nyusi inaondoka na jicho linaifuata. Nikabana pumzi, nikalisugua lile kovu la jiwe, nikamwagia maji, nikapapasa, nikasugua tena polepole, mpaka kidole changu kikateleza juu ya nyusi bila kukwama popote.